Dua ya Viatu vya Nassor

Juzi mjukuu wangu alimwombea dada yake simu, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie chumba cha pili. Nikamjua papo hapo, maana njia hiyo nimeshaipita.

Alasiri moja ya utoto wangu, hapa hapa Maskati, nilikaa mlangoni mwa jiko la jirani yetu Mama Jamna, Baniani mwenye duka aliyejifunza Kiswahili Unguja. Samli ikichemka na kunukia, akanihadithia kisa cha dini yao. Mtoto mmoja aliambiwa na mungu wake aombe atakalo. Akamwombea baba yake msamaha tu, na mwisho akapewa ufalme.

Mimi nilichosikia ni ufalme.

Baada ya sala nikainua mikono, baba yuko nyuma yangu. "Ya Rabbi, mpe kaka yangu Nassor viatu vipya. Mimi sitaki kitu."

Baba machozi yalimlengalenga. Magharibi haijaingia, karudi na viatu vya Nassor. Mimi, kama nilivyoomba, sikupata kitu.

Nikaenda kushitaki kwa Mama Jamna. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hata sie wenye duka, tukenda kuomba, mizani tunaiacha dukani."

Dada mtu nimeshamnunulia simu yake.