Jumapili za Sucré

Mwaka ule nilihesabu choo cha binti yangu zaidi kuliko nilivyowahi kuhesabu kitu kingine. Alikuwa na miaka mitatu. Alipokuwa mchanga alikatwa utumbo, kikabaki kipande kifupi, na chakula kilikuwa kinapita mbio bila kumlisha. Kwa mdomo alikula kidogo tu; kingine alilishwa kwa mrija uliopita puani.

Daktari alimwandikia dawa ya kupunguza mwendo wa tumbo, anywe nusu saa kabla ya kula.

“Choo kikishuka hadi mara tatu kwa siku na kilo zikipanda, mrija tunautoa,” alisema. “Na sukari, hapana.”

Nikafungua daftari. Mara nane. Sita. Nne. Nyumba nzima ikapagawa. Mume wangu alipiga simu kutoka kazini mjini Kipushi, na badala ya salamu aliuliza, “Ngapi?” Mama mkwe alitangaza matokeo uani kama mtangazaji wa mpira.

Lakini kilo hazikupanda, na daktari akaanza kusema labda dawa imeshindwa. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikapitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Kila Jumapili: tisa. Kila Jumapili, baada ya misa, kina mama wa parokia walikuja kumwona mgonjwa, na kwetu hakuna anayemwona mgonjwa mikono mitupu. Walileta sucré, ile soda ya machungwa. Mimi nilizifungia kabatini. Au nilidhani hivyo.

Jumapili iliyofuata nilijifanya niko jikoni, kisha nikarudi ghafla. Mama wanne walikuwa wamemzunguka binti yangu, mmoja ameshika kikombe.

“Bamama, munamupa nini?”

“Sucré kidogo tu. Ya kumupa nguvu.”

“Sukari njo inamuharisha. Docta alikataza.”

Wakatazamana. Yule wa kikombe akakiweka chini polepole.

“Kumbe ni shiye benyewe tunamuharisha? Na vile tuliombea iyo tumbo rozari tatu.”

“Mulikuwa munaomba na mukono moja,” mama mkwe akasema, “na ingine munamwaga sucré.”

Tulicheka hadi vitambaa vya kichwa vikalegea. Binti yangu naye alicheka, mrija ukamchezea shavuni.

Jumapili iliyofuata walikuja na mchele na kuku. Choo: mara tatu. Kilo zikaanza kupanda, na baada ya wiki kadhaa daktari akavuta mrija. Mtoto akapiga chafya, akaomba bukari, ugali wetu.

Simu ikalia. Mama mkwe akaninyang'anya.

“Ngapi?” mume wangu akauliza.

“Mbili,” akajibu. “Na pua iko wazi.”