Nisafishie Zote

Zamani za filamu, watu wa Mocímboa, mji wetu wa pwani ya Msumbiji, hawakuniambia niwatolee picha. Walinikabidhi filamu na kusema, “Nisafishie.” Nami niliingia kwenye chumba cha giza alichoniachia marehemu mume wangu, nikazamisha karatasi kwenye dawa na kungoja. Nyuso zilikuja zenyewe, kwanza nyusi, kisha macho. Niliwaanika watu wangu kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na wenyewe wakakaa barazani kusubiri picha zikauke. Kazi yangu hasa ilikuwa upande wa wanawake kwenye harusi, ambako mpiga picha mwanamume hakanyagi, na nilijivuna nayo.

Kamera ya dijitali niliitukana miaka mingi kabla sijainunua kwa mfanyabiashara wa Mtwara. Mashine yenyewe haikunishinda. Kilichonikera ni maneno. Vijana walikuja na kadi za kumbukumbu za simu zilizojaa picha, wakaniambia, “Mama, formatar hii,” yaani nifute vyote vilivyomo. Mimi mtu akinitafunia Kireno nikiwa kazini kwangu damu hunichemka. Nikawaambia hapa kwangu tunasema kusafisha, asiyetaka aende kwingine. Walinicheka, kisha wakazoea. Kwa hiyo ni mimi, si mwingine, niliyelichukua neno la kuleta nyuso nikalibandika kwenye kazi ya kuzifuta.

Kisha vita vikaja, tukakimbia. Tuliporudi, chumba cha giza kilikuwa kuta tupu, na kazi iliyoniweka mjini ilikuwa hiyo ya kufuta. Watu waliziogopa simu zao. Njiani mtu aliweza kuulizwa na wenye silaha huyu kwenye picha ni nani wako, na jibu likamponza. Wengine hawakuogopa chochote, ila hawakuweza tena kuwatazama waliokufa. Sikuuliza sababu. Aliyesema safisha, nilisafisha.

Asubuhi moja alikuja mama mkulima kutoka kijiji cha Diaca. Nilimfahamu, enzi za filamu niliwahi kumpiga picha akiwa na mwanawe mgongoni. Alifungua pindo la kapulana aliyojifunga kiunoni akatoa kadi ya simu, ndogo kama ukucha. Ilikuwa ya mwanawe huyo huyo. Kijana alikuwa akipika chakula cha vibarua kule Afungi, kwenye mradi wa gesi, vita vilipofika hakuonekana tena, na mwenzake aliyenusurika ndiye aliyeileta kadi.

“Nisafishie, dada.”

“Zote?”

“Zote. Usinibakizie hata moja.”

Niliingia ndani kwenye kompyuta. Nilifungua picha ya kwanza tu, nijue kama kadi ni nzima. Kijana mwenye aproni, kashika sinia. Nikabonyeza, zikaondoka zote. Halafu, kwa kumwonea huruma, nikaijaza kadi kaswida mpaka ikakataa, zawadi niliyozoea kuwapa wafiwa. Nilipomrudishia aliifunga kwenye pindo lake, akashukuru, akaenda kuketi barazani.

“Kuna lingine, dada?” nikamuuliza.

“Hakuna. Nasubiri zikauke.”

Nilimwambia anipe kadi tena, nikakimbia nayo kwa fundi wa simu wa duka la pili. Alihangaika nayo mpaka adhana ya adhuhuri. Akasema kama ningefuta tu, labda kingeokoka kitu, lakini kaswida zimekaa juu ya kila kilichokuwamo. Nilimchukia kwa kunieleza vizuri namna ile. Niliporudi, yule mama alikuwa bado kaketi pale pale, mikono mapajani, hana haraka.

Nilimwambia ukweli. Nilisema siku hizi kusafisha maana yake ni kufuta, na mfutaji ni mimi. Nilitamani anitukane. Yeye akaniuliza, “Uliona hata moja?”

“Moja.”

“Alikuwa kacheka?”

Akanieleza. Mwanawe alikuwa na pengo la mbele tangu utotoni, akakua akicheka huku kaziba mdomo kwa mkono. Alipopata kazi Afungi alikwenda kuwekewa jino, akampigia mama yake simu kumtangazia. Mama hakuwahi kumwona nalo.

“Lilikuwapo?” akauliza.

Picha ile niliiona kwa muda wa kupepesa macho. Nilikumbuka sinia. Nilikumbuka aproni. Mdomo wake, wallahi, sikuutazama.

“Lilikuwapo,” nikasema. “Lilimkaa vizuri.”

Alilia, halafu akacheka, halafu akaniomba nirudie.

Tangu siku hiyo huja kila Ijumaa, huketi barazani na kusema, “Nisimulie jino.” Nami humsimulia. Nimeongeza mwanga wa dirisha shavuni, nimeongeza wenzake wanaomtania nyuma yake, na mkono ambao hauzibi mdomo. Ninachoogopa ni kwamba sasa namwona kweli. Nikimweka mteja mbele ya kamera, kabla sijabonyeza, kwenye kile kioo kidogo namwona kijana mwenye aproni akicheka, na jino jeupe kuliko mengine. Nikiinua kichwa, ni mteja tu, ananishangaa. Sijui tena nilichokiona ni kipi na nilichokitunga ni kipi, na hakuna pa kwenda kutazama.

Ijumaa iliyopita nilifungua mdomo nianze, akanizuia kwa kiganja.

“Leo pumzika, dada. Nitakusimulia mimi.”

Akasimulia dirisha, akasimulia wenzake, mkono na jino, maneno yangu yale yale, macho yake yakiwa yamefumbwa na uso umetulia. Alipomaliza aliniuliza kama kuna alipokosea. Nikamwambia hakuna.