Kapsuli Zilizobaki

Pale kwenye kiwanda cha kufulia nguo walimwita Mama Pasi, na hata mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, akipiga simu kutoka njiani alimwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hoteli. Alishinda amesimama mbele ya mashine ya mvuke, na jioni alijikongoja kurudi nyumbani, akamkuta mama mkwe wake anamsubiri. Bibi huyo alikuwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Alitaka kuogeshwa, kupikiwa, na zaidi ya yote kusikilizwa. Uchovu wa Mama Pasi haukuwa tena ule wa kulala ukaisha. Aliamka nao, akaenda nao kazini, akarudi nao.

Siku moja kitoroli cha mashuka kilimchubua ugoko. Alipuuza, mpaka mguu ukavimba, ukawa mwekundu na wa moto, na homa ikampanda. Kituo cha afya wakampa kapsuli.

"Mama, hii ni antibayotiki," mfamasia alimwambia kupitia dirishani. "Inaua bakteria walioingia kwenye kidonda. Umeze kwa saa hizi nilizokuandikia mpaka ziishe, hata ukiona umepata nafuu. Na ni zako peke yako, usimgawie mtu."

"Sawa," alijibu, mawazo yake yakiwa kwenye mashuka.

Dawa ilifanya kazi. Uvimbe ukanywea, homa ikakata. Ila kapsuli zilimvuruga tumbo, na kule kazini kuiacha mashine kila mara kukimbilia chooni kulimletea maneno kutoka kwa msimamizi. Basi alipoona anakanyaga bila maumivu, akaacha kumeza. Zilizobaki akazitupia kabatini, nyuma ya vikombe.

Haukupita muda bibi akashikwa na kikohozi.

"Kifua kinanibana, mwanangu. Kesho nipeleke wakanipime."

Mama Pasi akaiona foleni ya kesho, na uso wa msimamizi, na yeye mwenyewe akimshika bibi mkono hatua kwa hatua. Mwili mzima ukakataa. Ndipo akazikumbuka zile kapsuli.

"Mama, jaribu hii kwanza. Ndiyo iliyoniponya mguu."

"Mguu na kifua wapi na wapi?"

"Dawa ni dawa, Mama. Meza tu."

Bibi akaigeuzageuza kiganjani, akaguna, akameza.

Vyombo vilikuwa bado havijaoshwa bibi alipoanza kujikuna. Mikono kwanza, kisha shingo. Mama Pasi alipogeuka, midomo ya bibi ilikuwa imefura na macho yamebaki vijistari. Alitaka kusema jambo, sauti ikatoka kama filimbi. Mama Pasi alitoka mbio bila viatu, akapiga mlango wa jirani, fundi wa friji mwenye gari dogo la mizigo. Fundi hakuuliza maswali. Wakambeba bibi garini kwenda kituo cha afya, na njia nzima Mama Pasi alimpakata, akimwambia, "Vuta pumzi, Mama. Vuta nyingine." Hakujua kama anamwambia bibi au anajiambia mwenyewe.

Daktari alimchoma bibi sindano ya paja papo hapo, wakamvalisha barakoa ya oksijeni. Taratibu ile filimbi ikafifia, kifua kikaanza kupanda na kushuka kama cha watu.

"Amekula nini? Amemeza nini?" daktari aliuliza.

"Nilimpa zile kapsuli mlizonipa hapa za mguu," Mama Pasi alisema. "Zilibaki."

Daktari hakufoka. Naye alionekana mtu aliyechoka. Alimwinamia mgonjwa. "Bibi, uliwahi kudhurika na penisilini?"

Bibi akaisogeza barakoa. "Nilipojifungua mwanangu walinichoma sindano, nikavimba hivi hivi. Wakanikataza nisichomwe tena. Lakini hii si sindano, nimemeza."

"Kapsuli hiyo na sindano ile ni ukoo mmoja, bibi. Uchomwe au umeze, mwili wako hauitaki." Akasikiliza kifua chake mbele na nyuma. "Na kikohozi chenyewe ni mafua, yanaletwa na virusi. Antibayotiki haiui virusi. Hata isingekudhuru, isingekusaidia kitu."

Kisha akamtazama Mama Pasi. "Na wewe, mbona unachechemea?"

Akainua gauni. Ugoko ulikuwa mwekundu tena, unang'aa. Hakuwa ameuona, au aliuona, akakosa nafasi ya kuufikiria. Hapo machozi yakamtoka. Alilia kwa sababu ya bibi, kweli, lakini alilia pia kwa kuwa kwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza habari zake.

Walimlaza bibi kwa uangalizi. Mama Pasi alipewa dawa mpya, na safari hii alimsikiliza mfamasia kwa masikio yote mawili.

"Ikikuvuruga tumbo, usiache kimya kimya. Njoo utuambie, tutajua la kufanya."

Alimpigia mumewe simu. "Rudi," alimwambia. "Mama yako nusura nimuue kwa uchovu." Mume akasema anageuza lori akishateremsha mzigo. Msimamizi naye alinung'unika weee, mwisho akamhamishia meza ya kukunja taulo, kazi ya kukaa.

Dawa alizimeza zote, pamoja na siku za tumbo kuunguruma. Mguu ukapona. Uchovu haukuisha, ulipungua kidogo tu. Bibi aliporudi nyumbani alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali, kwa majivuno kabisa, kwamba yeye na penisilini hawapikiki chungu kimoja.

Mchana mmoja wa mapumziko, Mama Pasi alikuwa anasinzia huku amesimama jikoni.

"Nenda kalale," bibi alimwambia kutoka kitini. "Sufuria nitaitazama mimi."

"Magoti yako, Mama."

"Nitaitazama kwa macho. Nenda."

Akaenda, akajinyoosha kitandani nguo zikiwa mwilini. Usingizi haukuja upesi. Alilala tu, akimsikiliza mama mkwe wake akikohoa kidogo na kuisema sufuria.