Malaga hadi Napoli kwa Gari ya Viti Saba

Ramani ile niliichora mwenyewe. Watoto wangu walinicheka, wakasema simu inatosha, unaiambia unakokwenda nayo inakupeleka. Lakini mimi ni mtu wa stashahada ya upimaji, niliyoipata kwa kusoma jioni miaka mitatu mfululizo huku mchana nikishika fimbo ya kupimia juani, na sikuona sababu ya kuburuzwa Ulaya nzima na sauti ya mtu nisiyemjua. Nikanunua karatasi ndefu ya wachoraji dukani Ruwi, nikaitandaza juu ya meza ya chakula nyumbani kwetu Hail, hapa Mascat, na kwa wiki mbili tukawa tunakula sebuleni.

Wengi wakipanga safari ya namna hii huanzia Italia. Mimi nilianzia Malaga, kusini mwa Hispania, na nilifanya hivyo makusudi. Ukitoka Malaga ukapanda Valencia na Barcelona, ukaingia Ufaransa kwa Marseille na Nice, ukapita Genova na kuteremka pwani ya Italia mpaka Napoli, bahari inabaki mkono wako wa kulia muda wote. Na kule, kama hapa Oman, dereva anakaa kushoto. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya kilomita elfu mbili na nusu, aliyekaa kando ya dereva ana bahari dirishani mwake, hana haja ya kugeuza shingo. Sijaona simu iliyomfikiria mtu hivyo.

Kiti hicho nilimpangia mke wangu.

Safari aliitaka yeye, tena alipostaafu ualimu. Mimi nilikuwa nimeshastaafu kabla yake, baada ya kuacha alama yangu katika barabara nyingi za mji huu ambazo watu wanapita leo bila kujua nani alizipima. Nilikuja Mascat kutoka Unguja na mkoba mmoja, sijui Kiarabu zaidi ya kile cha kusalia. Leo nna nyumba ya ghorofa mbili, na cheti changu kimetundikwa ukutani pale mgeni anapokiona kabla hajavua viatu. Sijisifu kwa kisichokuwepo.

Lakini katika kupanda huko, mke wangu hakupata kuwa na mimi peke yake. Tulipooana tulikaa Ruwi, vyumba viwili, kimoja chetu na kimoja cha wadogo zangu wawili. Wadogo zangu walipooa, akaja mama. Mama alipofariki, watoto walikuwa wakubwa na nyumba imejaa marafiki zao. Fungate yetu ilikuwa siku mbili Nizwa, na tulikwenda na shangazi zake wawili kwa sababu gari ilikuwa na nafasi. Kwa hiyo nilipomuuliza zawadi gani anataka kwa kustaafu, alijibu bila kufikiri: safari ndefu ya gari, pwani kwa pwani, mimi na yeye tu. Nikasema hilo dogo.

Makosa niliyafanya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Ghubra. Dada huyu ndiye mkubwa wetu. Alinitangulia Mascat, akashona kofia mpaka vidole vikaota sugu, na tikiti yangu ya kuja huku ilitoka katika kofia hizo. Kila Ijumaa tunakula kwake. Siku hiyo sinia zilipoondolewa nikaikunjua ramani juu ya busati, nikawa naeleza, na watu wamenizunguka. Nakiri nilikuwa nimenoga.

Binamu yangu akauliza, "Gari gani?"

"Ya viti saba. Nimeshaikodi. Mimi siendeshi vigari vya kukunja magoti."

"Na mnakwenda wangapi?"

"Mimi na mke wangu."

"Hivyo vitano watapanda majini?"

Watu wakacheka, nami kicheko kikanipanda kichwani. Nikanyoosha mkono kama mwenye harusi anayekaribisha wageni. "Karibuni! Nafasi ipo."

Sasa, kwetu neno hilo lina taratibu zake. Mtu akikukuta unakula unamwambia karibu, naye anakwambia starehe, na kila mmoja anaendelea na shughuli yake. Hakuna aliyedanganya wala aliyenyimwa. Nami nilikaa nikingoja starehe yangu.

"Basi mimi na mke wangu tumekaribia," akasema binamu.

Dada yangu alikuwa anamimina kahawa. Akaliweka dele chini. "Na mimi nimo," akasema. "Tangu marehemu bwana wangu afariki, sijatoka Mascat ila kwenda Makka. Lakini nakwambia mapema mdogo wangu, kiti cha mbele changu. Miguu yangu haikunjiki."

Hilo la kiti hata asingelisema lingekuwa hivyo hivyo. Dada mkubwa akiwemo garini, nani atakaa mbele? Mke wangu alikuwa anakusanya vikombe. Alisema inshaallah, kwa adabu kabisa, akaenda navyo jikoni.

Njia nzima ya kurudi Hail alizungumzia bei ya samaki. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye faili la viza, ambalo nilikuwa nimelipanga vizuri sana, kila karatasi katika mfuko wake, akaitoa pasi yake na kuitia kabatini. Miadi yetu ya viza ilikuwa Alkhamisi ya pili yake.

"Umekasirika?" nikamuuliza.

"Sijakasirika. Dada yako ana haki zake. Nami nna haki ya kukaa kwangu. Nendeni salama, mtuletee picha."

Niliposikia neno hilo, nendeni, nilijua mambo yameharibika. Lakini mimi tatizo nikiliona nalishika kwa penseli. Nilikaa siku tatu nikatengeneza jedwali la viti: nani akae wapi, kutoka mji gani hadi mji gani, kwa rangi. Nilimwekea mbele yake kwa fahari, maana lilikuwa jedwali zuri.

Akavaa miwani. "Umenipa bahari kutoka Valencia mpaka Barcelona."

"Na Ufaransa yote unaipata wewe!"

"Ahsante. Na Italia?"

"Italia nimempa dada. Ile milima ya Genova ukikaa nyuma inazungusha kichwa, na yeye mtu mzima."

Akalikunja jedwali mara mbili, akanirudishia. "Bwana wee, bahari ipo hapa. Nikivuka barabara na kandambili zangu nimefika. Mimi sikukuomba bahari. Nilikuomba wewe."

Akaenda kumwagilia mauwa. Nilibaki pale mezani na penseli zangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ya kupima niliona nimepima kitu kisichohusika.

Kumwondoa binamu hakukunishinda. Nilimpigia simu, nikamweleza safari ilivyo, bila kumwongezea hata tone la uongo. Siku ishirini na moja. Asubuhi mkate mkavu na kahawa. Saa nne au tano barabarani kila siku ya kuhama mji.

"Wali je?" akauliza.

"Wali upo Valencia. Lakini wanaupika na konokono."

"Na nini?"

"Konokono. Na magamba yake."

Nikasikia anamgeukia mkewe, na mkewe akipiga kelele ambayo sikuhitaji simu kuisikia. Kesho yake akaniandikia kwamba mgongo wake haumruhusu. Nikamwombea shifaa.

Dada ilikuwa kazi nyingine. Ningeweza kumtisha kwa konokono na yeye pia, lakini huyu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, hila zangu zote anazijua. Nilikwenda kwake Ghubra Jumanne asubuhi. Nikamkuta anatembea kutoka mlangoni mpaka jikoni, na kurudi, amevaa viatu vipya vya mpira vyeupe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Navizoesha," akasema, akainua mguu nione. "Wameniambia kule miji yao yote vilima."

Nikakaa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba njiani, na yote ikanipotea nilipoviona viatu vile. Nikasema tu, "Dada, nimekuja kukuomba radhi. Ile safari, nataka twende wawili."

Akasimama. "Mkeo kakutuma?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ningeitikia kwa kichwa tu, mimi ningesalimika, na mke wangu angebeba jina la mtu mwenye roho mbaya kila Ijumaa mpaka tuzikwe. Na kumwambia dada yako mkubwa kwamba unamtaka mke wako peke yake ni neno ambalo sisi hatulisemi. Baba yangu hakulisema. Hata mimi, kwa elimu yangu yote, sikuwahi kulisema.

"Hakunituma," nikasema. "Mimi ndiye ninayetaka. Nataka niwe na mke wangu peke yetu, hata mara moja tu maishani. Nilikaribisha watu kwa sifa zangu, na nimekosea."

Dada akajifunika uso na mtandio. "Astaghfirullah! Mtu na mvi zake! Huna haya mbele ya dada yako?"

"Haya ninayo."

"Unayo wapi?" Akakaa, akaanza kuvua viatu, taratibu, kimoja kimoja, akavipanga pamoja. "Na hivi nitakwenda navyo wapi?"

"Nitakupeleka Istanbul."

"Utanipeleka na nani?"

"Mimi na wewe tu."

"Na mkeo?"

"Atabaki amwagilie mauwa."

Hapo akacheka, lakini sitasema alikuwa hakuumia. Ijumaa mbili zilizofuata kahawa yangu aliimimina mwisho, baada ya watoto, na nilikunywa bila kulalamika. Istanbul nitampeleka. Nimeshaanza kuulizia tikiti.

Sikuwa bado nimefika Hail siku ile habari ilipofika. Dada alikuwa ametuma ujumbe wa sauti katika kundi la familia, dakika mbili nzima, anasimulia jinsi mdogo wake alivyokuja kumwambia maneno ya vijana asubuhi kweupe. Binamu, na mgongo wake ule, alijibu kwa picha ya bwana harusi juu ya farasi. Wanangu wakaniita Bwana Harusi wiki nzima. Mpwa wangu akauliza kama chumba cha hoteli akipambe mauwa. Mtu mwingine angezima simu. Mimi niliwajibu wote, mmoja mmoja, kwamba wanaume wengi wa ukoo huu wangependa kusema nililosema, wamekosa kifua.

Mke wangu nilimkuta mezani. Alikuwa ameshausikiliza ujumbe, zaidi ya mara moja nadhani. Alikuwa ameifungua ramani, ameshika kifutio changu, na kati ya Genova na Livorno amefuta vituo vyangu vitatu vyote.

"Hapa tutalala siku nne," akasema, akagusa kijiji ambacho mimi nilikuwa nimekipa nusu saa ya kunyoosha miguu.

Nikainama nikatazama. "Pana nini hapa?"

"Hapana kitu."

"Siku nne? Nikizitoa hizo, Napoli tutafika wakati tikiti imeshapita."

"Basi Napoli tusifike."

Safari inayoitwa Malaga hadi Napoli, isifike Napoli! Nilivuta pumzi nimweleze. Nina hoja tano za kitaalamu, na zote ni sahihi mpaka leo. Halafu nikamtazama usoni, nikavuta kiti nikakaa kando yake. Nikachukua kalamu ya wino, siyo penseli, nikaandika nne.