Chenza la Pindoni

Leo sanduku la bibi limefika kutoka forodhani, bandarini Mutrah. Mama alipolifungua, harufu ya karafuu na nguo za siku nyingi ikajaa chumba kizima. Jirani yetu, mtu wa Unguja kama sisi ila yeye katutangulia Maskati, alikuja kutusaidia kupanga vitu. Akaokota kanga moja, akaona pindo lina fundo, akalifungua. Kikaanguka kitu cheusi, kigumu, cha mviringo.

"Ndimu kavu hii," akasema. "Ngoja niitie kwenye mchuzi."

Nikampokonya. Mimi, ambaye hata kumwamkia mgeni huona haya!

"Heh! Cha nani hicho, hata unikwaruze?"

Nikatoka nacho bila ya kumjibu, nikakaa kizingitini mwa ua. Si ndimu. Ni chenza, lina miaka mitatu, na limetoka Japani.

Utashangaa tulifikaje huko. Tulipohama Unguja, baba alipata kazi Kobe, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka kanga Afrika. Kazi yake ilikuwa kuchagua rangi na maneno yatakayowapendeza wanawake wa kwetu. Bibi, mamake baba, akaja nasi. Kila siku akisema, "Mie hapa nnapumzika tu. Safari yangu Maskati, kwa wazee wangu."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile ya baridi kali baba alipotupeleka Nara kwa treni, bibi na mimi, kutazama paa. Paa wa huko hutembea ovyo katikati ya watu, na wamefunzwa kuinama ukiwaonesha biskuti. Bibi alivaa makoti mawili ya baba juu ya buibui. Paa mmoja akamjia, akainamisha kichwa mpaka chini.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitika. Kisha akamgeukia baba: "Umeona? Wana adabu kuliko huyu binti yako."

Baba alicheka mpaka akashika ubavu. Theluji ikaanza kudondoka, nyepesi kama unga unaochekechwa, nasi tukala viazi vitamu vilivyochomwa kwenye mawe ya moto. Chakula cha watu bibi hakukigusa kamwe, lakini hivyo alivikubali, kwani kiazi, alisema, hakichinjwi. Mpaka leo nikifumba macho nausikia moto wake viganjani.

Kwenye treni ya kurudi baba akapitiwa na usingizi. Bibi akafungua kikapu chake: mkate wa ufuta na samaki wa kukaanga. Wajua tena kwetu, huwezi kutia tonge kinywani mbele ya watu usiwakaribishe. Basi akainuka na sahani, akapita kiti kwa kiti, behewa zima kimya.

"Karibu, baba. Karibu, mwanangu, kula, si sumu!"

Watu wakitabasamu, wakiinama, wakikataa kwa mikono. Nilitamani sakafu inimeze. Nikaenda kusimama mlangoni, nikajifanya natazama nje. Wasichana wawili wa skuli wakaniuliza kwa lugha yao: yule ni bibi yako?

Nikatikisa kichwa kukana.

Bibi hakujua neno hata moja la Kijapani. Lakini kichwa kikitikiswa nani asiyefahamu? Nilipogeuka, alikuwa akinitazama.

Kizee mmoja wa kike akaupokea mkate kwa mikono miwili, akaula wote, akatoa machenza mkobani akampa bibi. Bibi akamenya moja, akalinusa.

"Chenza!" akasema, kama aliyekutana na ndugu njiani. "Yarabi, chenza!" Machozi yakamtoka palepale. Tangu tuhame sikuwahi kumwona akilia.

Akanijia pale mlangoni na jengine. "Chukua, mjukuu wangu."

"Sitaki."

Hakunigombeza. Akalifunga pindoni mwa kanga. "Nnakuwekea. Siku ukilitaka utanambia."

Sikumwambia. Nilitaka kumwomba radhi kwanza, na kila siku nikasema kesho. Kabla ya baridi nyengine kuingia, bibi akafariki. Kalala kulekule, mbali na Unguja, mbali na Maskati. Sasa tumehamia huku bila yeye, na sanduku lake ndilo lililoimaliza safari.

Hapa hakuna treni wala theluji. Baridi ya Maskati ni ya kujitandia shuka tu. Hakuna anayewaitikia wanyama marahaba, na asubuhi mama huchoma mkate wa ufuta kimya kimya, hautoki kama wa bibi. Nimelinusa chenza langu. Harufu imebaki kidogo sana, na ukilinusa mara mbili huipati.

Jirani alipokuwa akiaga akanikuta bado nimekaa kizingitini.

"Mwanangu, hukunijibu. Kitu cha nani?"

"Cha bibi yangu," nikasema, kwa sauti ya kusikika behewa zima.