Kengele za Masanduku ya Joto

Fundi huyo hakuunga waya hata mmoja bila kuunong'oneza kwanza: "Haya, sema." Sista Yustina, muuguzi, alikwisha kuzoea kumwona ameinama kwenye baraza ya wodi yake huko Temeke, akiunganisha nyaya kwa solda, risasi ya kuyeyusha, na kupuliza moshi wake uende uani, usiingie walikolala watoto njiti. Kila sanduku la joto la kuwalelea lilikuwa na kipimo kilichotuma habari kwa waya wake, ili kengele yake ilie likipoa. Lakini chipu aliyoing'oa kwenye mashine ya mtumba ilikuwa na mlango mmoja tu wa kupokelea habari, naye akaifundisha ipokee kwa zamu.

Siku ya majaribio alifungua masanduku mawili matupu kwa pamoja. Yote yakapoa. Ikalia kengele ya sanduku moja tu.

"Si imelia, fundi?" Yustina alisema. "Niachie hivyohivyo. Wodi nzima naangalia peke yangu, hata hii itanisaidia."

"Waya wa pili umesema wakati chipu inausikiliza wa kwanza," fundi alijibu taratibu. "Maneno yake yamepotea, sista."

Akafumua nyaya zote. Aliporudi wiki iliyofuata, kila waya ulikuwa na chipu yake ndogo ya kupokea, inayoshika habari mpaka isikilizwe. Akayafungua masanduku yaleyale. Kengele mbili zikalia pamoja, kelele ya kukera kwelikweli. Yustina akanyoosha mkono azizime.

"Ziache kidogo," fundi alisema. Akakaa sakafuni, akafumba macho, akazisikiliza zote mbili.