Nyuma ya Kopo Kuna Nini?

Aliyehusika na tundu lililoko katika kioo cha dirisha la Mama Béatrice, jirani yetu hapa Kensington, kusini mwa bara, ni mkwe wangu Juma. Ninaliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu yeye amekwisha kuwaeleza ndugu zetu wa Midrand kwamba ulikuwa upepo. Bunduki aliyoipiga ni ya upepo, hilo nakubali. Lakini upepo haukuinunua, haukusimamisha kopo la maharage mbele ya ukuta wa zege, wala haukubonyeza kifyatulio. Na kwa kuwa nimeanza kutaja wahusika, nimtaje na mwingine: aliyehusika na sisi watoto wa kambi ya mkonge kule Tanga kukua tukiwa na macho yetu yote ni marehemu mama yangu, Bi Mwanaisha.

Wenzangu wa rika langu mliokulia mashambani hamtahitaji maelezo mengi. Tulipotoka shule, miguu ikiwa myekundu kwa vumbi, harufu ya makapi ya mkonge yaliyochacha ikitupokea tangu njiani, jambo la kwanza halikuwa chakula. Yalikuwa ni manati. Kila mmoja alikuwa na yake: panda la mpera lililokaushwa juu ya moshi wa jikoni, mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kipande cha ngozi kutoka kiatu kilichokwisha kazi. Tulibishana kama tyubu nyekundu inavuta kuliko nyeusi, tena kwa bidii ambayo baadaye niliiona kwa mawakili tu.

Baba alipiga marufuku. Tukatii kwa namna yetu: tukahamia nyuma ya vyoo, tukawa tunatungua makopo pale, huku wapita njia wakiruka na kutulaani. Mama alipogundua hakututandika. Alimwendea baba na kumwambia, nasi tukisikia, "Marufuku yako yamewapeleka chooni. Mimi nataka wapige ninapowaona."

Kaka yangu Athumani alipendekeza tutumie ukuta wa ghala, kwa kuwa ni wa mawe na hauwezi kutoboka. Mama aliokota kokoto, akairusha ukutani kwa nguvu, nayo ikarudi ikapita kando ya goti la Athumani.

"Umeona? Ukuta haushiki kitu. Unakurudishia."

Ndipo tukajenga. Mama alichagua upande wa nyuma wa shamba letu la mihogo, ambako hapakuwa na njia. Tulilundika udongo hadi ukatupita kimo, na ule wa mbele aliuchekecha mwenyewe, kwa sababu hakutaka jiwe hata moja libaki ndani yake la kurusha jiwe jingine. Mbele ya lundo tulisimamisha nguzo mbili, tukalaza mti juu yake, na hapo tukatundika magunia ya mkonge, moja mbele ya jingine. Sisi, kwa kupenda unadhifu, tuliyavuta na kuyafunga chini yakanyooka kama shuka la hospitali. Mama akaja akazifungua kamba zote.

"Legezeni. Gunia likikazwa limekuwa ukuta."

Na kweli, jiwe lilifika pale kwa kasi, gunia likajikunja kidogo, jiwe likaanguka chini limechoka. Tulikiita kizuizi kile Tumbo, kwa kuwa kilimeza kila kitu na hakikutapika.

Lakini kujenga ilikuwa nusu ya kazi. Kabla ya kupiga, kila mtoto alisimama mstarini, naye mama, akiwa anamenya mihogo kibarazani, aliuliza bila kuinua macho: "Nyuma ya kopo kuna nini?" Aliyejibu "gunia" alirudi mwisho wa foleni. Aliyejibu "udongo" alirudi vilevile. Athumani siku moja alijibu "hewa", akaenda kuchota maji. Jibu alilolikubali lilikuwa jina la mtu. "Nyuma ya kopo kuna Mama Saidi, anaanua nguo." Hata kama Mama Saidi alikuwa mbali, ng'ambo ya udongo wote ule, ilibidi atajwe, na mmoja wetu azunguke kumtazama alipo. Kisha tulipiga, tukacheka, na jioni tukala mihogo ya nazi kwa vidole vilivyonuka mpira.

Nilipokuja kuajiriwa, nikawa mkaguzi wa majengo wa manispaa hadi kustaafu, na sikuwahi kupata swali la ukaguzi lililolishinda hilo.

Sasa tazameni vijana wetu. Juma ni mlinzi kwa kazi, mtu mzima mwenye ndevu, naye alijifunza ujenzi wake kwenye simu. Nilipomuuliza kuhusu ukuta alinijibu, "Eish, Baba, ile ni zege tupu, hata gari halipiti." Risasi haikutaka kupita. Iligonga zege, ikageuka kando, ikaingia chumba cha kushonea cha jirani. Mama Béatrice alikuja na gauni la bibi harusi mkononi, sindano zikiwa zimechomekwa kifuani pa nguo yake, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao:

"Papa, niko nashona, nasikia tu *fyuu* pa sikio yangu. Huyu mukwe wako anawinda nini mu mji? Njiwa, ao miye?"

Niliagiza bunduki ifungiwe kabatini. Jumamosi iliyofuata tulijenga Tumbo jingine, mwisho wa uwanja, mbali na dirisha lake: mchanga uliochekechwa, mazulia makuukuu yaliyotundikwa yakalegea. Nakiri nilifurahi mno kushika tena koleo. Mjukuu wangu Zuhura, ambaye huelewa Kiswahili changu na kunijibu kwa Kiingereza, alisimama mbele ya kopo, nami nikamuuliza lile swali. "Nyuma ya kopo kuna Mama Béatrice," akasema, kwa Kiswahili, "na cherehani yake." Nilijifuta uso nikisingizia vumbi.

Enzi zile hatukuwa na ukuta wa kututenga na jirani, kwa hiyo tulilazimika kujua yuko wapi. Leo kuta ni ndefu, na nyuma yake watu wanadhani hakuna mtu.

Kwa hiyo natamka rasmi, nikiwa baba mkwe na mkubwa wa nyumba hii. Kabla bunduki ile haijatoka kabatini, Juma asimame mbele ya Tumbo, Mama Béatrice akisikia, aseme ni nani aliyevunja kioo. Kisha ajibu swali la Bi Mwanaisha. Jibu la "ukuta" halitapokelewa, wala la "upepo". Natarajia jina la mtu.